Marufuku Kuchimba Dawa Hapa

Pale Dutwa, ukishuka kwenye basi ukavuka barabara ya lami, huwezi kuukosa mlango wa bluu ulioandikwa kwa herufi zenye mikia mirefu: SCOLA NGASSA. MABANGO, MAGARI, MADUKA. Mwenye mlango huo ni mama wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye maneno, na mikono yake ina rangi mpaka kwenye viwiko. Alianza usichanani kwa kuandika namba kwenye magunia ya pamba, watu wakaupenda mwandiko wake, na mpaka leo kati ya Dutwa na Kasoli hakuna duka wala trekta lililotaka kujulikana likampita Scola.

Lakini nikuonye mapema: ukimpelekea Scola maneno yako, si yako tena hayo. Ana sheria moja, na sheria hiyo imemgombanisha na nusu ya wateja wake. Neno ambalo mama yake halielewi, yeye halitii brashi. Mama yake, bibi Milembe, alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na tangu hapo husoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele ya macho yake, hata mfuko wa sukari. Basi kila bango, kabla halijachorwa, hupelekwa kwanza kwa bibi. Bibi akikwama, neno limekufa. Ndivyo Hamza, muuza duka wa pale stendi, alivyokwenda na karatasi ya "Wakala wa Bidhaa Mchanganyiko za Jumla na Rejareja" akarudishiwa ubao ulioandikwa HAMZA ANAVYO. Alifoka siku mbili. Siku ya tatu watu wakaanza kuingia kuuliza kama kweli anavyo, naye alikuwa navyo, yakaisha.

Bibi Milembe anakaa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Dutwa, na mali yake ni ng'ombe kumi na mmoja na ngitili. Asiyejua ngitili akipita pale ataona majani tu na migunga iliyosimama ovyo. Ovyo wapi! Ni ekari nane alizozizungushia miiba na kukataza mtu yeyote asichunge humo, tangu mvua zinapoanza mpaka katikati ya Oktoba, wakati nchi nzima imekauka na ng'ombe wa watu wanatembea mbavu nje. Hapo ndipo ngitili hufunguliwa, na yale majani yaliyokaukia wimawima yanawavusha ndama, maksai na ng'ombe dhaifu mpaka mvua mpya. Bibi ameilinda miaka thelathini. Amepigana na wachoma mkaa, amepigana na mbuzi wa majirani, na mwaka mmoja alimfukuzia mbali mgombea aliyetaka kufanyia mkutano humo, kwa sababu wapiga kura wangekanyaga majani.

Sasa, ng'ambo ya njia, jirani kabisa na ngitili hiyo, kuna godauni la zamani la dawa za pamba. Lilikuwa la chama cha wakulima kilichokufa zamani kikaacha madebe yake ndani. Madebe yakatoboka, dawa ikavuja mwaka baada ya mwaka, ikazama ardhini. Kwenye uwanja wa godauni hakioti kitu, hata gugu la kiduha halioti. Mvua ikinyesha inapanda harufu ya kukaba koo. Watu walikwisha kuizoea, maana binadamu huzoea mambo.

Mwezi wa tisa mwaka huu wakaja wasafishaji. Walikuja na mashine ya kuchimbia, mavazi meupe ya kufunika mwili mpaka uso, na magunia makubwa ya plastiki ya kubebea udongo mbaya kwenda kuchomwa mbali huko. Aliyewaongoza alikuwa binti wa Kipemba, Injinia Zamda, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukaona aibu kusema chako mbele yake. Kijiji kilifurahi. Scola alifurahi kuliko wote, maana aliitwa kuandika mabango matatu ya kazi hiyo.

Furaha ikadumu mpaka aliposoma karatasi ya bango la tatu. ENEO LA KUCHIMBA UDONGO WA KUJAZIA. USIINGIE. Chini yake kulikuwa na ramani ndogo yenye alama ya msalaba, na Scola, ambaye amezaliwa pale, hakuhitaji kuambiwa msalaba ule umeangukia wapi. Alipanda baiskeli yake bila hata kufunga mlango wa bluu.

"Injinia, hili bango la tatu linakwenda wapi?"

"Pale ng'ambo ya njia, dada Scola. Kwenye lile pori."

"Pori!"

"Ramani inasema hivyo. Eneo wazi, halitumiki."

"Hiyo ramani ilimuuliza nani? Ile ni ngitili! Ile ni ya mama yangu!"

Zamda akamkalisha juu ya pipa tupu, akamweleza pole pole. Udongo wenye sumu utatolewa mpaka kina cha kiuno cha mtu. Litabaki shimo la malori ishirini, na shimo hilo lazima lijazwe udongo safi kabla ya mvua za Novemba, la sivyo litageuka bwawa na ng'ombe watakunywa humo. Udongo safi wa karibu ni ule wa ng'ambo ya njia. Karatasi zimeshapigwa mihuri.

"Kwa hiyo mnatibu jicho la kushoto kwa kung'oa la kulia," Scola akasema. "Mkikwangua ngitili, hayo majani yatarudi lini? Na ng'ombe wa mama wale nini mwezi ujao, mihuri?"

Zamda aliiangalia mikono yake.

"Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe," akasema. "Kule udongo haufiki hata goti, chini ni jiwe tupu. Ulikuwa umeingiwa na mafuta na kemikali za miaka ya nyuma. Tukausafisha. Tukakwangua, tukapakia, vipimo vikatoka safi kabisa, tukapigiwa makofi. Baada ya miaka miwili nilirudi kuangalia. Dada, hakuna mti ulioota. Kaa hawapo, ndege hawana pa kutagia. Sumu tuliitoa kweli, lakini na kisiwa tulikitoa pamoja nayo."

"Sasa wewe unajua hayo, na bado unaleta mashine kwa mama yangu?"

"Nitafutie udongo mwingine. Uwe safi, uwe wa kushikana, na usiwe mbali, maana dizeli yangu imepimwa. Nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Jumatatu mashine inavuka njia, na mimi sitakuwa na la kumwambia mtu."

Siku saba. Malori ishirini ya udongo. Scola alikokota baiskeli mpaka kwa mama yake akiwa na hasira mpaka kwenye kope, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, maana kazi ya brashi haitaki hasira.

Alichomoa karatasi ya bango la kwanza, la kuwekwa barabarani, akampa bibi asome kama kawaida. TAHADHARI, akasoma bibi bila shida. UDONGO ULIOATHIRIWA NA MABAKI YA... Akakwama.

"Viua... viua-tilifu. Huyo Tilifu ni nani, na wanamuua kwa nini?"

"Ni dawa, mayu. Ile dawa ya pamba."

"Si waseme dawa! Shida yao nini hawa watu?"

Scola akafuta yote, akaandika chini: MARUFUKU KUCHIMBA DAWA HAPA. Bibi akasoma moja kwa moja bila kumeza mate. Safi. Kuhusu ngitili Scola hakusema neno. Alijaribu mara mbili, akaishia kuuliza habari za ndama. Jumanne asubuhi bango lilisimama kando ya lami, herufi nyekundu, mikia mirefu, na yeye akaendelea kuzunguka vijiji akitafuta udongo, huku akiambiwa kila mahali kwamba huku ni mchanga na kule ni shamba la mtu.

Jumatano simu ikalia. Alikuwa Hamza, na alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Scola, umetuua! Basi la Mwanza limesimama pale godauni, abiria wote wanapiga picha!"

"Picha ya nini?"

"Bango lako! Ulipanda basi mara ya mwisho lini wewe mwanamke?"

Ndipo alipokumbuka, akajishika kichwa. Kwenye mabasi ya nchi hii, haja ikikubana humwambii kondakta kwamba haja imekubana. Unasema unataka kuchimba dawa. Basi linasimama, wanaume upande huu, wanawake upande ule, dawa inachimbwa, safari inaendelea. Na pale godauni, kwa kuwa hapana nyumba karibu, palikuwa pakichimbwa dawa tangu lami ilipofika. Kondakta wa siku hiyo alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti ya mtu wa serikali: "Wachimba dawa wote vumilieni mpaka Lamadi, hapa imepigwa marufuku!" Bibi Milembe hakuweza kuligundua hilo. Hajawahi kupanda basi la mbali, na dawa kwake ni ya pamba au ya mizizi tu. Scola naye alicheka mpaka machozi, akadhani mambo yameishia kwenye kicheko.

Hayakuishia. Alhamisi asubuhi Zamda alimwita, na sauti yake haikuwa ya kucheka. Uwanja wa godauni, upande ambao mashine ilikuwa haijaufikia, ulikuwa umetobolewa mashimo kila mahali. Zamda aliyahesabu mara mbili: mashimo hamsini na nane. Na katikati ya mashimo hayo alikuwa amesimama Salu, mfugaji wa kijiji cha pili, na ndoo yake mkononi, amerudi kuongeza.

"Salu! Nani kakwambia hapa kuna dawa?" Scola akapiga kelele.

"Wewe."

"Mimi?"

"Si umeandika? Tena kwa herufi kubwa."

"Nimeandika marufuku!"

"Ndiyo maana," Salu akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuwaza jambo lake. "Kitu kisicho na faida nani atakikataza? Tena tumewaona. Mnavaa mavazi meupe, hamuigusi kwa mikono, mnaitia kwenye magunia mnaipeleka mbali. Dawa imekaa kwetu miaka yote, leo inaondoka hivi hivi, sisi tunaangalia tu? Hapana."

Zamda akaingilia. Akamweleza kwamba ile ni sumu, haifai mtu wala mnyama.

"Injinia, hata mimi nimeona," Salu akakubali. "Nimeimwaga kidogo tu zizini, nilitaka kumpaka maksai wangu mwenye mguu uliovimba. Kuku wawili wakadonoa. Wamekufa palepale."

"Unaona sasa!"

"Naona. Ni kali kwelikweli."

Zamda aliketi chini kwenye kivuli cha mashine. Alikuja kutoa sumu mahali pamoja, akasema, na sasa ipo kwenye nyumba hamsini na nane, chini ya vitanda, karibu na vyakula, na wengine huenda wameshawaza kuchanja chale. Scola alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Yeye, aliyekataa neno la mtaalamu kwa sababu halieleweki, ameandika neno linaloeleweka na kila mtu, na kila mtu amelielewa lake.

Mchana kutwa alizunguka na baiskeli, nyumba kwa nyumba. Mwadila, mwadila, salamu zinaitikiwa vizuri, mpaka anapotaja dawa. "Dawa gani tena, Scola?" wanamuuliza, macho makavu kabisa. Nani alishamwona mtu mwenye dawa akatangaza kwamba anayo? Na kadiri alivyosema ni sumu, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anaitaka yeye. Mpaka jua linazama alikuwa amepata ndoo tatu.

Ijumaa akaenda kwa mama yake, akatapika yote. Bango, mashimo, ndoo. Akavuta pumzi, akasema na la ngitili, kwamba mashine inavuka Jumatatu, kwamba alilijua tangu wiki ilipoanza akaogopa kumwambia. Alilia kidogo. Bibi Milembe alimsikiliza huku anachambua choroko, na alipomaliza, kilichomkera bibi hakikuwa kile ambacho Scola alikitegemea.

"Hao waliochimba, wamefukia?"

"Wamefukia nini, mayu?"

"Mashimo! Mtu anachimba dawa anaacha shimo limekaa wazi? Watoto wa siku hizi wamefunzwa na nani? Ukichimba mzizi unafukia ulipochimba. Usipofukia, dawa haikusaidii. Inakugeuka." Akatupa choroko mbovu pembeni. "Na masharti walipewa na nani? Dawa gani haina masharti? Basi hiyo ni udongo tu."

Scola akainuka, akambusu kichwani, jambo ambalo si desturi kabisa kule na bibi alilifuta kwa kanga, akaruka kwenye baiskeli.

Kwenye hema la Zamda kulikuwa na karatasi iliyofunikwa plastiki, imening'inizwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuisoma. Kanuni za usalama. Usiguse udongo kwa mkono mtupu. Usiuweke karibu na chakula wala maji. Usile wala kuvuta sigara ukiwa umeushika. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Chombo kilichobebea udongo kisirudi nyumbani.

"Haya," Scola akasema, "ndiyo masharti ya dawa."

"Dada, mimi sitaki kudanganya watu."

"Isome tena. Nionyeshe uongo uko wapi humo."

Zamda akaisoma tena, mstari kwa mstari. Uongo haukuwamo. Scola akamwambia kuna sharti moja la kuongeza, la watu wa huku: aliyechimba hufukia. Kila shimo, mikokoteni mitano ya udongo wa kichuguu, usitoke shamba la pamba, utoke malishoni au kwenye mahindi. Hakuna mkulima wa Simiyu asiye na kichuguu anachokilaani kila mwaka jembe la maksai linapokwama. Malori ishirini yalikuwa yamesimama mashambani mwa watu siku zote hizo, na Scola alikuwa ameyapita na baiskeli akitafuta udongo.

Wakaenda wote wawili kwenye kichuguu cha karibu. Zamda akachukua donge, akalilowesha, akalifikicha viganjani mpaka likawa uzi mwembamba. Uzi haukukatika. Akatoa vifaa vyake akapima, akapima tena, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Na mchwa wenyewe?" akauliza.

"Tunakata kichwa tu. Malkia anabaki chini na watu wake. Kabla hujafika Dar watakuwa wameshapandisha kingine."

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Hamza alileta kipaza sauti chake cha kutangazia bei, Scola akapanda juu ya mkokoteni, akaanza kwa Kisukuma, akamalizia kwa Kiswahili. Alisema waliochimba dawa wamechimba bila masharti, na masharti ni haya. Mnada ukanyamaza, hata wapiga debe wa viatu. Akayasoma moja moja, la mkono mtupu, la chakula, la sigara, la sabuni, la chombo. Akasema dawa hii ni ya kuua tu, haijui kuponya, na haibagui funza na mtoto. Ilikuwa ya pamba, pamba imeshindwa kuimaliza, sasa inatafuta wengine. Dawa yote irudi kesho pale ilipotoka, na kila aliyechimba aje afukie.

"Masharti hayo kakupa nani?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Mwenye dawa. Yule pale amesimama na Hamza. Ametoka Pemba."

Loo! Watu wote waligeuka kwa pamoja. Kama hujui Pemba inasemwaje huku bara katika mambo ya dawa, muulize yeyote. Zamda alitamani ardhi ipasuke. Akakinyakua kipaza sauti, akasema jamani mimi si mganga, mimi ni injinia, hii ni sumu, msinywe, msijipake, msichanje, msimpe ng'ombe. Watu wakaitikia kwa vichwa kwa heshima kubwa, kila mmoja akihesabu kwa vidole: sharti la saba, la nane, la tisa, la kumi.

Jumapili ndoo zikaanza kurudi. Watu walizibeba kwenye ncha za fimbo, mbili mbili, mikono imevishwa mifuko ya plastiki, midomo imefungwa, hamna anayemsalimia mwenzake. Wale wa mavazi meupe wakazipokea, wakatia kila kitu kwenye magunia yao, ndoo pia. Sabuni iliisha dukani kwa Hamza kabla ya saa nne. Mpaka jioni, pamoja na zile tatu za Scola, zilitimia hamsini na nane, na Zamda alizihesabu mara mbili kama alivyoyahesabu mashimo. Lakini mikokoteni iliyofika ilikuwa tisa tu. Tisa, si mia mbili na tisini. Scola alirudi nyumbani akiwa na furaha ya nusu, na ile nusu nyingine ilimuuma.

Jumatatu alfajiri, dereva wa mashine, ambaye kwake Jumatatu ni Jumatatu, aliwasha akavuka njia. Scola alisikia mlio akiwa mbali, akakanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukachomoka, akaitupa, akakimbia. Alipofika alikuta uzio wa miiba umelazwa na mkwaruzo wa hatua ishirini umeingia ndani ya ngitili. Majani yalikuwa yamebiringishwa pembeni na mizizi yake juu. Bibi Milembe alikuwa amesimama mbele ya mashine na fimbo yake ya kuchungia, na dereva amesimamisha mashine kwa sababu hakujua afanye nini na bibi. Scola akaenda akasimama naye. Zamda akaja mbio akifunga kilemba, akaangalia saa, akaangalia karatasi yake yenye mihuri, akamwangalia bibi.

Ndipo waliposikia magurudumu.

Salu alikuwa mbele, na maksai wanne na mkokoteni umefurika mpaka udongo unadondoka. Nyuma yake mwingine, na mwingine, na mwingine. Wengine hawakuwa wamechimba dawa kabisa. Walikuja kwa sababu wamesikia kuna pa kutupa vichuguu. Njia ilikuwa nyembamba, ng'ombe ni ng'ombe, na baada ya dakika chache mikokoteni ilikuwa imejaa pande zote mpaka mashine haikuwa na pa kwenda, mbele wala nyuma. Dereva akazima, akashuka, akatafuta kivuli.

"Umechelewa!" Scola akamfokea Salu, huku anacheka na kulia.

"Jana ilikuwa Jumapili, Scola. Maksai wangu hawafanyi kazi Jumapili."

Zamda alisimama katikati ya vumbi na kamba yake ya kupimia, akapima lundo la kwanza, la pili, la tatu, akaandika. Kisha akakunja ile karatasi yenye mihuri. Akamwendea bibi Milembe, akapiga goti kidogo kwa adabu ya kwao.

"Bibi, mashine haitaingia humu tena. Lakini hapa ilipopita, nisikudanganye, pana miaka."

"Najua," bibi akasema. "Miaka mitano, mvua zikiwa nzuri. Ondoa hilo dude lako."

Kazi ilichukua wiki moja na siku mbili. Shimo likajazwa, likashindiliwa, kwanza kwa mashine na baadaye kwa miguu ya watoto waliokatazwa kukanyaga pale, na magunia ya sumu yakaondoka yote kwa lori. Siku anaondoka, Zamda aliwaachia mbegu za majani ya kienyeji alizoagiza kwa ajili ya ule mkwaruzo, na bibi alizipokea, akanusa, akasema si mbaya sana.

Katikati ya Oktoba ikafika siku ya kufungua ngitili. Kwenye boma lile siku hiyo haina mgeni rasmi wala pilau, ila ina desturi moja: anayevuta miiba ya mlangoni ndiye mwenye ngitili. Alikuwa baba yake Scola, akaja Milembe mwenyewe alipobaki mjane. Joakim, kaka mkubwa wa Scola, alikuja kutoka Mwanza kama afanyavyo kila mwaka, akakunja mikono ya shati lake jeupe na kusimama karibu na mlango, kwa kuwa mama anazeeka na kila mtu anajua zamu itakayofuata ni ya nani. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wanasukumana nyuma yao. Scola alisimama mbali kidogo na wanawake wenzake, mikono ina rangi ya bluu ya bango la mtu.

Bibi Milembe alisogea mpaka kwenye miiba. Akaishika, akaiachia, akageuka.

"Scola."

"Naam, mayu?"

"Njoo uvute."

Joakim akamwangalia mama yake, akakunjua mikono ya shati lake. Wanawake wakamsukuma Scola kwa mgongo. Alikwenda akiwa haoni vizuri kwa machozi, akashika tawi la kwanza la mgunga kwa mikono mitupu, likamchoma, akabaki amelishikilia vilevile, mbele ya watu wote, hawezi kuvuta wala kuachia.

"Fungua basi," mama yake akamwambia. "Ng'ombe wako wana njaa."